Vidonge vya Damu

Kliniki ya wajawazito, muuguzi akisema "vidonge vya damu", hakuna anayeuliza ni vipi. Mama huvitia mkobani pamoja na kadi yake. Mna madini ya chuma na asidi ya foliki, na jina limevipa vyote viwili kazi moja: kuongeza damu.

Nalipenda jina hilo, maana ni la watu wenyewe, wala si la uongo. Foliki, ambayo ndiyo vitamini B9, hushirikiana na B12 kutengeneza chembe nyekundu za damu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 daktari Lucy Wills aliwatibu wajawazito wa Bombay waliopungukiwa damu kwa dondoo ya hamira. Foliki ilikuwa humo, haijapata jina. Jina lilikuja 1941, huko Texas, watafiti walipoitenga kutoka kwenye takriban tani 4 za spinachi wakaazima neno la Kilatini, folium, yaani jani.

Basi ni asidi ya majani! Sisi wa mchicha, matembele na majani ya kunde tungeweza kuiita hivyo bila kupitia kwa Kilatini, na jina lingetukumbusha jikoni, kwamba mboga ikichemshwa mno na maji yake yakamwagwa, foliki nyingi huenda nayo.

Lakini damu haitaji, wala jani halitaji, kazi inayonigusa zaidi. Tunasema "mgongo wazi", na maneno hayo mawili hayafichi kitu: mrija ambao ungekuwa uti wa mgongo wa mtoto haukufunga sawasawa. Hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wengi wakiwa hawajajua kama wamebeba. Utafiti uliochapishwa 1991 ulifuatilia wanawake waliowahi kupata mimba yenye tatizo la aina hii. Waliotumia foliki tangu kabla ya kushika mimba nyingine, hatari ya kurudiwa ilipungua kwa asilimia 72. Kwa wengine wanaotarajia mimba, kipimo cha kawaida ni mikrogramu 400 kwa siku.

Sasa binti mwenye damu ya kutosha, ambaye hajashika mimba, akisikia "vidonge vya damu" atavitafuta vya nini? Hapo ndipo jina linapotuponza. Natamani tuseme "vidonge vya damu na mgongo", na tumtajie bibi harusi kabla hajawa na kadi ya kliniki.