Picha ya Feri Bado Ipo, Yako Yaacha Wino Kidoleni

Wanangu wa Likoni, leo msilaumu printa. Kwanza tuongee historia.

Fungua albamu ya mama yeyote aliyekuwa msichana hapa miaka ya 1990. Huenda ukamkuta amesimama mbele ya pazia lililochorwa meli, ndege au majumba marefu. Hiyo ni kazi ya wapiga picha wa feri, waliokuwa na vibanda vyao karibu na kivuko. Wateja wengi walikuwa watu wa bara waliokuja Mombasa kutafuta riziki, wakataka picha ya kutuma nyumbani. Mtafiti Mjerumani, Heike Behrend, aliandika makala kuwahusu katika jarida la African Arts mwaka 2000. Yani fundi wa kibanda ameingia kwenye historia ya sanaa, na sisi wa hapa hapa hatumjui.

Sasa mbona picha zile zimedumu? Filamu ilipelekwa maabara, na rangi ikazaliwa kwa kemikali ndani ya karatasi yenyewe, kwenye tabaka za jelatini. Nazo hupauka, lakini ukipitisha kidole, rangi haitoki.

Printa ya wino ilianza kivingine kabisa. Mwaka 1977 huko Canon, Japani, chuma cha moto cha kulehemu kiligusa sindano yenye wino, wino ukaruka. Kutoka hapo wakapata wazo la kurusha matone kwa joto. HP wakatoa ThinkJet mwaka 1984. Na printa za matangi tunazoona kwenye saiba? Epson walianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, baada ya watu kule kujifungia matangi yao wenyewe ili kukwepa bei ya wino. Ujanja wa mtaa ndio ulifunza kampuni!

Lakini tone linarushwa juu, halizaliwi ndani. Nusu ya kazi ni ya karatasi. Ndiyo maana filamu ya kung'aa inatutesa: plastiki tupu hainywi wino. Matone yanaogelea, yanaungana, picha inakuwa tope.

Kwa hivyo kabla hujamgombeza kijana wa saiba, angalieni haya pamoja. Filamu iwe ya printa ya wino, si ya leza. Lowesha kidole kidogo, gusa kona pande zote mbili: upande unaonata ndio wa kuchapia. Kwenye kompyuta chagua aina ya karatasi ya picha, maana ukiacha ile ya kawaida, printa itakosea kipimo cha wino. Ukiona mistari, pima matundu ya wino kwanza, kisha safisha kichwa. Halafu subiri. Hewa yetu ya Pwani ina unyevu, wino unachelewa kukauka. Usizipange picha moja juu ya nyingine, wala usikimbilie laminesheni.

Maoni yangu ni haya: kizazi cha feri kilikuwa na picha chache na kikazitunza. Sisi tuna maelfu kwenye simu, na simu ikiibiwa, ukoo mzima umepotea. Chapisha moja ya nyanya yako wiki hii. Ikikauka, andika nyuma jina lake na mwaka kwa maka.