ZILIZALA YA RAMADHANI 1426: SIKU FUNDI ALIPORUDI DARASANI



Kila Ramadhani tunakumbushana historia ya Badr na ya kufunguliwa Makka, na ni vizuri. Leo lakini tukumbushane historia ya juzi juzi, ambayo wazazi wako waliiona kwenye televisheni, na pengine walitoa sadaka msikitini kwa ajili yake. Si historia ya majemedari wala wafalme. Ni historia ya mafundi wa kujenga, watu wa mwiko na timazi, wale tunaowapita kila siku kwenye mjengo bila hata kuwatolea salamu.

ASUBUHI YA JUMAMOSI

Ilikuwa tarehe 8 Oktoba 2005, siku za mwanzo za mwezi wa Ramadhani mwaka 1426 Hijria, huko Kashmir na milima ya kaskazini mwa Pakistan. Watu walikuwa wamekula daku, wamesali alfajiri, na wengi wamerudi kujilaza kidogo. Watoto walikuwa shuleni, kwa sababu kwao wakati huo Jumamosi ilikuwa siku ya masomo. Saa tatu kasoro dakika kumi, ardhi ikatikisika kwa kipimo cha 7.6.

Kufumba na kufumbua, mji wa Balakot ukawa kifusi. Muzaffarabad ikabomoka mitaa kwa mitaa. Vijiji vilivyokuwa kwenye miteremko vikaporomoka pamoja na udongo wake. Kwa hesabu ya serikali, waliofariki upande wa Pakistan walipita 73,000, na wengine zaidi ya 1,000 walifariki upande wa Kashmir unaotawaliwa na India. Maelfu kati yao walikuwa wanafunzi waliofunikwa na madarasa yao wenyewe. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Watu kama milioni 3 wakabaki bila makao, na baridi ya milimani inabisha hodi. Idi ya mwanzoni mwa Novemba iliwakuta kwenye mahema. Hebu fikiria Idi hiyo, ndugu yangu: hakuna nguo mpya, hakuna jikoni, na nyumba nyingi zina mtu aliyekuwepo kwenye daku na hayupo tena.

KUMBE NYUMBA NDIZO ZILIZOUA

Wahandisi walipopita kukagua kifusi, walikuta jambo linalouma. Ardhi ilitikisika kweli, lakini kilichoua watu wengi ni kuta na mapaa. Nyumba nyingi za vijijini zilijengwa kwa mawe ya mtoni, yale ya mviringo, yakashikizwa kwa udongo tu. Ukuta ni mnene lakini una nyuso mbili zisizoshikana, wa ndani kivyake na wa nje kivyake. Juu yake kuna paa la magogo na udongo uliorundikwa mwaka baada ya mwaka, zito kama lori. Ukitikisa nyumba hiyo, ukuta unapasuka katikati na paa linashuka na uzito wake wote juu ya waliolala.

Na usidhani nyumba za kisasa zilipona. Shule nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali ya saruji na zege. Hata Islamabad, mji mkuu, sehemu ya jengo la ghorofa liitwalo Margalla Towers iliporomoka. Saruji iliyochanganywa vibaya, vyuma vichache na nguzo nyembamba haviwi salama kwa sababu tu vinaitwa vya kisasa.

Sasa jiulize: ni nani aliyejenga nyumba zile za kijijini? Hakuwa mgeni. Alikuwa fundi wa hapo hapo, au mwenye nyumba mwenyewe akisaidiwa na ndugu zake. Jitie mahali pake. Umejenga miaka 20 kama ulivyofundishwa na baba yako. Umejengea jirani, umejengea shemeji, umejenga kwako. Kisha asubuhi moja unachimba kifusi kwa mikono, na kila jiwe unalolitoa unajua uliliweka wewe. Hukufanya kwa ubaya wala kwa wizi, ulifanya kwa kutojua. Lakini kutojua kwako kumezika watu.

PESA PEKE YAKE HAZIJENGI

Misaada ilikuja kutoka pande zote za dunia. Serikali ya Pakistan ikaunda mamlaka maalumu ya ujenzi mpya, ERRA, mwezi ule ule wa Oktoba 2005. Swali lilikuwa: nyumba zaidi ya laki 4 za vijijini, zilizotawanyika milimani ambako pengine hata barabara haifiki, zitajengwaje upya?

Njia rahisi ilikuwa kuita makampuni makubwa yajenge nyumba za aina moja, mistari kwa mistari. Wao wakachagua njia nyingine: kila mwenye nyumba ajenge mwenyewe, pale pale kwake. Nyumba iliyobomoka kabisa ilitengewa rupia 175,000, na iliyoharibika rupia 75,000. Pesa hazikutolewa zote kwa mkupuo. Zilikuja kwa awamu, na kabla ya awamu inayofuata mkaguzi alikuja kutazama kazi. Umejenga kama inavyotakiwa, unapata. Hukujenga hivyo, rekebisha kwanza.

Mfano walikuwa nao kwa jirani. Tarehe 26 Januari 2001 zilizala ya kipimo cha 7.7 ilipiga Kutch, kule Gujarat, India. Wengi wetu wa Mombasa tunakujua huko, maana ndiko walikotoka mababu wa ndugu zetu Wakachi. Miji ya Bhuj, Anjar na Bhachau iliangamia. Huko nako wenye nyumba walipewa pesa kwa awamu wajenge wenyewe, na mafundi wakafundishwa kwa maelfu. Na huko watu waliona ajabu moja: zile nyumba za jadi za duara ziitwazo bhunga, za udongo na paa la makuti ya nyasi, nyingi zilibaki zimesimama wakati majengo ya zege yanaanguka.

Basi Pakistan nayo ilijua kwamba ukimpa mtu pesa bila elimu, atajenga upya kaburi lile lile. Na pesa zile zingeishia mikononi mwa nani? Mwa fundi yule yule. Kwa hiyo ilibidi fundi arudi darasani.

DARASA LA MWIKO NA TIMAZI

Serikali, mashirika ya Umoja wa Mataifa kama UN-Habitat, na mashirika mengi ya misaada waligawana maeneo. Walimu walipanda milima, kijiji kwa kijiji. Hawakufundisha kwa ubao na chaki tu. Walijenga nyumba ya mfano, fundi ashike mwenyewe, aone mwenyewe.

Na walifundisha nini? Mambo ambayo ukiyasikia utasema, ah, ni hayo tu!

Kwanza, jiwe la kufunga. Kila baada ya hatua chache weka jiwe refu linalopenya ukuta kutoka nje mpaka ndani, ili zile nyuso mbili zishikane. Kwenye kona, mawe yapishane kama vidole vya mikono miwili.

Pili, mkanda. Nyumba ifungwe mkanda wa zege na vyuma au wa mbao, ukizunguka kuta zote bila kukatika, kwenye msingi, juu ya milango na madirisha, na chini ya paa. Unajua sanduku la kadibodi linavyolegea likiwa wazi, ukilifunga kamba halitawanyiki? Ni hivyo hivyo.

Tatu, ringi za nguzo. Zile ringi za chuma zinazozunguka vyuma vya nguzo, ncha zake zisikunjwe kwa pembe mraba tu. Zikunjwe zaidi, nyuzi 135, ziingie ndani ya zege. Zikikunjwa vibaya, nguzo ikitikiswa zinafunguka, na nguzo inapasuka kama muwa. Tofauti ni mkunjo mmoja wa mkono, na gharama yake ni kama hakuna.

Nne, maji. Saruji ikishamwagwa inyweshwe maji siku kadhaa. Ikikauka haraka juani inakuwa dhaifu, hata kama umetia mifuko mingi.

Tano, paa liwe jepesi. Mabati yaliyogawiwa kwa ajili ya vibanda vya baridi ya kwanza yalikuja kuwa mapaa ya nyumba mpya.

Lakini kumfundisha fundi mzoefu si kazi rahisi. Mtu mwenye mvi hapendi kuambiwa na kijana wa mjini kwamba alikuwa akikosea. Halafu mafundi wenyewe hawakutosha, maana vijana wengi wa milima ile walikuwa wamekwenda Karachi na nchi za Ghuba kutafuta riziki. Jambo hilo sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa. Ndiyo maana mafunzo hayakuishia kwa mafundi. Wenye nyumba nao walifundishwa, ili mtu akisimama kwenye mjengo wake ajue cha kuuliza.

WALIMU NAO WAKAFUNDISHWA

Hapa ndugu msomaji tulia, maana hapa ndipo penye utamu wa historia hii.

Mwanzoni wataalamu walikubali nyumba za matofali au mawe kwa saruji na vyuma. Lakini kule juu milimani saruji ni ghali kuifikisha, na mchanga mzuri haupatikani kila mahali. Watu wakaanza kujijengea kwa njia ya wazee wao iitwayo dhajji dewari, yaani ukuta wa viraka. Ni hivi: unasimamisha fremu ya mbao, unaigawa vyumba vidogo vidogo kwa mbao za kukingama na za mshazari, halafu unajaza mawe madogo na udongo. Ukisikia hivyo si unaikumbuka nyumba ya udongo ya kwetu, ya nguzo, fito na mawe? Ni kama binamu yake, ila dhajji fremu yake imefungwa kwa ufundi zaidi.

Wakubwa wakaguna. Mbao na udongo, wakati dunia nzima inatazama? Lakini waliotazama kwa makini waliona kwamba nyumba za namna hiyo zilistahimili vizuri. Ukitikisika, ukuta wa dhajji haupingani na zilizala. Mawe madogo yanasuguana ndani ya udongo na kupunguza nguvu ya mtikisiko, nyufa zinaishia kwenye kiraka kimoja bila kuenea, na ukuta ni mwembamba, kwa hiyo ukianguka kidogo hauui. Kashmir ilipigwa na tetemeko kubwa pia mwaka 1885, na wazee wa kule walikuwa na sababu ya kuupenda ukuta wa namna hii.

Mwaka 2006 mamlaka ikaikubali rasmi dhajji, na baadaye ikakubali bhatar, ukuta wa mawe uliofungwa kwa mikanda ya mbao. Mwenye nyumba ya namna hiyo naye akastahiki pesa zake. Wahandisi wakaboresha maungio na misumari, mafundi wakafundisha mikono, na makumi ya maelfu ya nyumba za dhajji zikasimama. Mhandisi alimfundisha fundi kupinda ringi, na fundi akamfundisha mhandisi kwamba udongo si umaskini.

Katika miaka michache zaidi ya nyumba 400,000 za vijijini zilijengwa upya. Si kila kitu kilikwenda sawa. Miji ilichelewa sana kuliko vijiji, na mpango wa kuwahamishia watu wa Balakot kwenye mji mpya ulikwama miaka na miaka. Lakini kule ambako mwenye nyumba na fundi wake walipewa pesa na elimu pamoja, kazi ilikwenda.

NA SISI JE?

Utasema, hayo ni ya Kashmir, Kenya hakuna zilizala. Pole pole. Tarehe 6 Januari 1928 Subukia, katika Bonde la Ufa, ilitikisika kwa kipimo cha 6.9. Tarehe 10 Septemba 2016 jirani zetu wa Kagera, Tanzania, walipigwa na tetemeko la 5.9 na nyumba nyingi mjini Bukoba na vijijini zikaanguka. Isitoshe, sisi majengo yetu hayasubiri ardhi itikisike. Tarehe 29 Aprili 2016, mvua tu ilinyesha Nairobi, na ghorofa la Huruma likaanguka na kuua watu wapatao 50.

Kijana unayesoma haya, pengine umemaliza shule na unafanya kibarua cha kusaidia fundi huku ukiona haya kuwaambia wenzako. Usione haya. Kazi hiyo ni amana. Jifunze ipasavyo, nenda chuo cha ufundi ukipata nafasi, uliza kwa nini kila chuma kinakaa pale kinapokaa. Wewe mzazi unayejenga chumba kimoja kimoja kila ukipata kitu, usimhimize fundi apunguze simiti ili pesa zitoshe. Mwambie akuonyeshe ringi kabla hajamwaga zege. Na nyinyi wa kamati, msikiti au madrasa mnayoijenga itajaa watoto. Mjenge mkikumbuka madarasa ya ile Jumamosi.

Sadaka ya chakula humshibisha mtu siku ile. Fundi aliyefundishwa kufunga kona vizuri, kila nyumba atakayoijenga maisha yake yote italala watu salama, na yule mwanafunzi wake naye, na mwanafunzi wa mwanafunzi wake. Kama unatafuta sadaka jariya ya kufikiria jioni hii ukingoja adhana ya magharibi, mlipie kijana mmoja wa mtaani kwenu karo ya ufundi.

Allah awarehemu waliotangulia Ramadhani ile, na atujaalie kuta zetu ziwe stara juu yetu. Amin.