Ulezi na Ulinzi katika Sheria za Uingereza

Mwezi wa Januari 1945 mtoto Dennis O'Neill, wa miaka 12, alikufa kwa kupigwa, naye amedhoofu kwa njaa, katika shamba huko Shropshire. Halmashauri ya Newport, Wales, ndiyo iliyompeleka kwa walezi hao. Sheria ya Watoto ya 1948 ikaziamuru halmashauri ziwe na kamati ya watoto na afisa wake. Sheria ya 1989, kifungu cha 47, yailazimisha halmashauri kuchunguza pindi ishukupo kuwa mtoto anadhurika vibaya.

Watu wazima wasioweza kujikinga waliandikiwa wajibu kama huo mwaka 2014, robo karne baadaye! Kwao neno “ulezi” halifai: mtu mzima halelewi, hulindwa, na Sheria hiyo yataka matakwa yake yasikizwe.