Kilometa 500 kwa Ajili ya Gitaa

Boom limekata, UE zinanukia, na mimi niko hapa hosteli na mada ambayo rumeti wangu anaiita "ya kizungu". Sawa, ni ya kizungu kweli. Ila nivumilieni mpaka mwisho.

Nataka kuwasimulia habari za watu waliokuwa wakiendesha gari siku nzima kwenda kusikiliza bendi ya roki, wanalala ndani ya gari, na kesho yake wanaondoka kwenda mji mwingine kuisikiliza bendi ileile. Siyo mara moja jamani, ni miaka na miaka. Bendi yenyewe ni Grateful Dead. Ilianzia Palo Alto, California, mwaka 1965, ikapiga maonyesho kama 2,300 hadi ilipokoma 1995. Mashabiki wake wanaitwa Deadheads. Mmoja wao alikuwa Bill Walton, yule mcheza kikapu mrefu aliyefariki 2024. Yeye hesabu yake ilipita maonyesho 800. Jiulize wewe umewahi kwenda kusikiliza kitu gani mara 800, ukitoa adhana au kengele ya kanisa.

Mimi niliambukizwa nikiwa sekondari. Tulikuwa na mwalimu wa hisabati, Mmarekani mstaafu aliyekuja kujitolea. Akimaliza kipindi mapema anatuachia darasa lipumue, halafu anaanza stori za safari zake za ujana. Sisi tulikuwa hatumwelewi kabisa. Mtu mzima, ana digrii, anasema alilala kwenye kiti cha gari katikati ya baridi ili asikie gitaa! Lakini alituwekea muziki wenyewe kwenye laptop yake, na mimi nikanasa. Mpaka leo sijachomoka.

Sasa mwaka huu tumepewa kazi ya historia simulizi: tafuta mtu, mhoji, halafu upime alichosema. Nikamtafuta Mwalimu kwa WhatsApp. Jamaa mmoja kwenye semina akanicheka. Akasema masimulizi ya shabiki ni mahaba tu, hayafiki kuwa ushahidi. Ukitaka historia nenda kwenye nyaraka. Hiyo hoja iliniuma, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Basi nikaamua kumpima Mwalimu bila huruma.

Safari anayoipenda kuliko zote ni ya Mei 1977. Alikuwa mwanafunzi Boston. Jumamosi tarehe 7 bendi ilipiga palepale Boston. Jumapili asubuhi yeye na wenzake watatu wakajipakia kwenye Volkswagen ya kuazima kwenda Ithaca, jimbo la New York, ambako bendi ilipiga usiku huo kwenye ukumbi wa Barton Hall wa Chuo Kikuu cha Cornell. Ni zaidi ya kilometa 500, kama kutoka Dar hadi Iringa. Jumatatu wakasogea hadi Buffalo, kama kilometa 240 zaidi, wakaingia onyesho la tatu. Jumanne Mwalimu alikuwa na mtihani. Aliufanya. Matokeo hakuniambia, nami sikuuliza.

Swali la kwanza nililojiuliza ni la mwanafunzi asiye na hela: waliwezaje? Hapo ndipo historia inapoingia. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alisaini sheria ya kujenga barabara kuu za nchi nzima, kilometa kama 66,000. Inasemwa sana kwamba wazo lilimkaa tangu 1919, alipokuwa ofisa kijana wa jeshi kwenye msafara wa magari uliotoka Washington hadi San Francisco kwa siku 62, mara tope, mara daraja limevunjika. Watoto waliozaliwa baada ya vita wakakulia kwenye lami. Mwaka 1977 galoni moja ya petroli, yaani karibu lita 3.8, ilikuwa senti 60 na kidogo. Nimepiga hesabu: mafuta ya Boston hadi Ithaca kwa gari la aina ile ni kama dola 10, gawa kwa watu wanne. Kwa hiyo mapenzi ya muziki yalikuwepo, ndiyo, lakini chini yake palikuwa na lami ya serikali na mafuta ya bei poa. Bila hivyo viwili Mwalimu angebaki Boston akidurusu desa lake.

Turudi kwenye kumpima. Mwalimu ananiambia kwa uhakika kabisa: "Ithaca walifungua na Help on the Way. Ukumbi ulilipuka. Nakumbuka nilikuwa bado nimevaa koti." Basi nikaingia mtandaoni kuangalia. Na hii ndiyo raha ya bendi hii, unaweza kuangalia! Bendi nyingi za wakati ule ukikamatwa na kinasa sauti ukumbini unatolewa nje. Hawa waliwaacha mashabiki warekodi, na mwaka 1984 wakawatengea kabisa sehemu yao nyuma ya mafundi mitambo, wasimike vipaza sauti vyao. Sharti lilikuwa moja: usiuze. Badilishana. Kwa hiyo watu walikuwa wanatumiana kaseti kwa posta kutoka jimbo hadi jimbo. Baadaye maelfu ya rekodi hizo yakapandishwa kwenye Internet Archive, na mimi niko hapa Bongo nazisikiliza bure kwa bando la usiku.

Nikasikiliza. Ithaca walifungua na wimbo mwingine kabisa, New Minglewood Blues. Help on the Way walifungua nao Buffalo, usiku uliofuata.

Yule jamaa wa semina angesema: umeona? Mzee kachemsha, futa. Lakini hebu tulia kidogo. Mwalimu hakubuni kitu. Wimbo ulipigwa, ukumbi ulilipuka, koti lilikuwepo. Kilichotokea ni kwamba kumbukumbu yenyewe nayo imesafiri kilometa 240, ikarudi nyuma usiku mmoja, ikakaa Ithaca. Kwa nini Ithaca? Kwa sababu onyesho la Ithaca ndilo lililokuja kuwa maarufu, na umaarufu huo ulikuja baadaye. Rekodi nzuri ya usiku ule ilifanywa na fundi wa bendi, mwanamama Betty Cantor-Jackson. Kanda zake nyingi ziliishia kwenye stoo ya kupanga, kodi ikamshinda, na mwaka 1986 vitu vyake vikapigwa mnada. Wanunuzi wengine hata hawakujua wamebeba nini. Kanda zikaokolewa na mashabiki, zikanakiliwa, zikasambaa, na watu wakaanza kusema Cornell ndiyo funga kazi. Mwaka 2012 Maktaba ya Bunge la Marekani ikatangaza kuiingiza kwenye hazina ya rekodi za taifa. Mwaka 2017 ikatoka rasmi madukani. Ukiwa ulipita usiku tatu mfululizo ukiwa kijana wa miaka 20, na dunia nzima ikaja kukwambia usiku wa katikati ndio ulikuwa dhahabu, unadhani akili itafanya nini? Itabeba vitu vyote vizuri na kuvipeleka pale.

Hilo kwangu ndilo somo. Kosa la kumbukumbu nalo ni ushahidi. Linakwambia mtu alithamini nini na ni lini alianza kukithamini. Kanda peke yake isingeniambia hivyo. Na kanda peke yake haina ile Volkswagen ndani yake, haina mkate na siagi ya karanga waliokula siku tatu, haina theluji ambayo Mwalimu na wengine wengi waliokuwepo wanasema iliwaangukia wakitoka ukumbini, mwezi wa tano!

Sasa sehemu ngumu. Nilimuuliza: "Mwalimu, kwenye zile safari, kwenye maegesho, watu weusi mlikuwa mnawaona wangapi?" Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, "Wachache sana. Na sikuwahi kujiuliza kwa nini."

Mimi nilijiuliza, maana nikijiweka kwenye lile gari napata shida. Kuna kijitabu kinaitwa Green Book. Alikianzisha Victor Hugo Green, mpeleka barua mweusi wa Harlem, mwaka 1936. Kazi yake ilikuwa kumwambia msafiri mweusi hoteli ipi itampokea, wapi atakula, wapi atapata mafuta bila kutukanwa au kufanywa vibaya zaidi ya hapo. Toleo la mwisho ni la 1966 hadi 67. Yaani bendi hii inaanza kupiga, kitabu bado kinachapishwa! Sheria ya 1964 ilifungua milango ya mahoteli, lakini sheria haikai na wewe saa nane usiku kando ya barabara mji usioujua, ukiwa umelala garini na tochi ya polisi inagonga kioo. Tena barabara zenyewe ziliwapitia watu juu. Kule St. Paul, Minnesota, barabara kuu ya I-94 ilikata katikati ya Rondo, mtaa wa watu weusi, na mamia ya familia zikahama. Kwa hiyo uhuru wa barabara ambao Mwalimu anaukumbuka kwa machozi ya furaha ulikuwa wa kweli, ila haukugawiwa sawa. Ukiandika historia ya safari kwa kutumia waliosafiri tu, hao wasioweza kulala barabarani hawamo, na hawamo kwenye kanda pia.

Nampa Mwalimu heshima yake hapa. Kesho yake alinitumia ujumbe mrefu akisema amekaa usiku kucha akijaribu kukumbuka sura. Amekumbuka mbili.

Hawa jamaa walifika hadi kwetu Afrika pia. Septemba 1978, tarehe 14 hadi 16, walipiga Giza, Misri, pembeni ya mapiramidi, na usiku wa mwisho mwezi ukapatwa. Mashabiki kadhaa walipanda ndege kuwafuata, Walton akiwemo. Jukwaani alikuwepo Hamza El Din, Mnubi mpiga udi kutoka Toshka, kijiji kilichozama baada ya Bwawa Kuu la Aswan kujengwa. Naye alikuwa amezunguka vijiji vya Nubia akikusanya nyimbo za watu wake kabla ya maji. Sina la kuongeza hapo. Mtu anasafiri ili asikie nyimbo, mwingine anasafiri ili zisizame.

Mwisho wa safari zile haukuwa mzuri. Mwaka 1987 bendi ikapata hit, Touch of Grey, ikaingia kumi bora Marekani. Ghafla umati ukaongezeka, wengi hawana tiketi, wamekuja kwa ajili ya maegesho tu: biashara, bangi, vidonge. Miji ikaanza kuwakataa. Tarehe 2 Julai 1995, kwenye ukumbi wa wazi wa Deer Creek, Indiana, maelfu wasio na tiketi wakavunja uzio wakaingia. Onyesho la kesho yake likafutwa. Tarehe 9 Julai wakapiga Chicago, na tarehe 9 Agosti mpiga gitaa wao Jerry Garcia akafariki akiwa na miaka 53. Mwalimu anasema yeye aliacha kuwafuata mapema, karibu 1989, siku alipoegesha gari akagundua hamjui hata mtu mmoja. Akaniambia kitu nimekiandika ukutani: muziki ungeweza kuupata kwenye kaseti, ila watu ilibidi uendeshe gari kuwafuata.

Ndiyo maana nimeileta hapa, wadau. Wazazi wetu nao walikuwa na safari zao za muziki. Kwetu mara nyingi bendi ndiyo ilipanda basi ikaja mkoani, na watu wakatoka vijijini kwa baiskeli, kwa lori la mkaa, kwa mguu. Msondo ilianza 1964 kama NUTA Jazz, Sikinde 1978. Waliokuwa vijana wakati huo wapo, wanakunywa chai barazani, na kila mwaka wanapungua. Kanda za redio zina nyimbo. Nani alikaa na nani kwenye lori, hilo halimo kwenye kanda yoyote.

Kazi yangu naikabidhi Ijumaa. Likizo hii nina mama mkubwa Tanga wa kumhoji, maana nimesikia fununu kwamba aliwahi kutoroka nyumbani kwenda dansi Korogwe. Nitamuuliza bendi gani, mwaka gani, na walirudi na nini. Na nyie waulizeni wenu. Washeni kinasa sauti cha simu kabla hamjaamkia.

Haya, narudi kwenye msuli. Tuonane mess.