Daktari Semmelweis na Homa ya Nifasi

Katika hospitali kuu ya mji wa Vienna, nchini Austria, palikuwa na wadi mbili za uzazi. Wadi ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao. Ya pili ilikuwa ya wakunga. Mwaka wa 1846 wanawake 4010 walijifungua katika wadi ya kwanza, na 459 kati yao wakafa. Katika wadi ya pili, kati ya wanawake 3754, waliokufa walikuwa 105. Wengi waliuawa na homa ya nifasi, yaani homa impatayo mama baada ya kujifungua. Habari hizo zilienea, hata waja wazito wakawa wanalia na kusihi wasipelekwe wadi ya kwanza.

Mwaka huo huo daktari kijana kutoka Hungaria, Ignaz Semmelweis, alipewa kazi katika wadi hiyo. Alikuta watu wana sababu nyingi vinywani mwao. Wengine walilaumu hewa ya mji. Lakini hewa ilikuwa moja. Mbona wadi ya pili ilisalimika? Wengine walilaumu msongamano. Kumbe wadi ya pili ndiyo iliyosongamana zaidi. Wengine walisema kuwa kengele ya padri, apitapo kwenda kumwombea mgonjwa mahututi, iliwatia wanawake hofu ya kufa. Padri akaombwa apite njia nyingine bila ya kengele, vifo havikupungua. Basi kila dhana ilisimamishwa mbele ya ushahidi kama mshtakiwa mbele ya kadhi, na iliyoshindwa ikatupwa.

Mwezi wa Machi, 1847, rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alijeruhiwa kwa kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti. Akaugua, akafa, na dalili zake zilifanana na za wale akina mama. Hapo Semmelweis akatambua jambo. Madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaenda kuwapima wanawake. Wakunga hawakupasua maiti. Je, mikono haikuchukua sumu ya maiti?

Dhana hiyo nayo ilihitaji kujaribiwa. Mwezi wa Mei aliamuru kila mtu anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kumgusa mgonjwa. Mwaka wa 1848, kati ya wanawake 3556 wa wadi ya kwanza, walikufa 45 tu.

Hata hivyo wakubwa wengi walimpinga. Kukubali maneno yake kulikuwa ni kukiri kwamba mikono ya tabibu ndiyo iliyoua. Tena yeye mwenyewe alichelewa kueleza kazi yake kwa maandishi. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1861. Alifariki mwaka wa 1865 katika hospitali ya wenye wazimu. Mwaka wa 1879 Louis Pasteur alionyesha vijidudu vinavyoleta homa hiyo.

Ewe mwanafunzi, dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. Uambiwapo sababu ya jambo, tazama, hesabu, kisha jaribu. Na ushahidi ukikuelekea wewe, usiukimbie. Katika Vienna waliolipa gharama ya kiburi hicho ni akina mama.