Zawadi ya Komodoa Perry: Telegrafu Yafika Japani

Wasomaji wa Maandiko watapenda kujua kwamba ujumbe ambao Samuel Morse aliupeleka kwa telegrafu, yaani simu ya maandishi, kutoka Washington hadi Baltimore tarehe 24 Mei 1844, ulikuwa maneno ya Balaamu katika Hesabu 23:23. Kabla miaka kumi haijatimia, mtambo wa namna hiyo ulishushwa Yokohama, Machi 1854, uwe zawadi ya serikali ya Marekani kwa watawala wa Japani.

Zawadi hiyo iliandamana na mizinga. Komodoa Matthew Perry alikwisha kufika Julai 1853 na manowari nne, akidai nchi ifunguliwe. Sasa mabaharia wake walitandaza waya wa karibu maili moja, na habari zikapita kwa Kiingereza, Kiholanzi na Kijapani. Wajapani walirudi siku kwa siku kuutazama mtambo ukifanya kazi. Tarehe 31 Machi Mkataba wa Kanagawa ukatiwa sahihi.

Je, Perry ndiye aliyewapa Wajapani telegrafu? Sidhani. Aliwaonyesha tu. Njia ya Tokyo na Yokohama ilijengwa mwaka 1869, baada ya serikali ya Meiji kushika madaraka, chini ya fundi Mwingereza ambaye Wajapani wenyewe walimwajiri. Hata hivyo wanavijiji wengi waliziogopa nyaya hizo wakidhani ni uchawi wa Kikristo (dini yetu ilikuwa bado marufuku huko hadi 1873), na mahali pengine walizikata. Na waya wa baharini uliounganisha Nagasaki na Shanghai mwaka 1871 ulikuwa mali ya kampuni ya Denmark.