Elektrodi na Uso Wake

Mwaka 1834 Michael Faraday wa Uingereza alikuwa na shida ambayo sisi wa istilahi tunaifahamu vyema: kitu anacho, jina hana. Aliwaendea wajuzi wa Kigiriki, na katika mashauri hayo likazaliwa neno elektrodi, yaani njia ya umeme. Sehemu yake ya kwanza asili yake ni jina la kaharabu, ambayo ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi. Kiswahili kinalo neno kaharabu, lakini umeme tuliutwaa mawinguni, wala hatukukosea.

Katika uwanda wa kati elektrodi si neno la darasani tu. Maji ya visima vingi vya Singida, na baadhi ya vile vya Dodoma, yana floraidi itokayo miambani, nayo ikizidi huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia na hata kudhuru mifupa. Mwaka 1974 nchi yetu iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8 kwa lita, ambapo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1984 ulitaja 1.5. Kiasi hicho hupimwa kwa elektrodi ya fuwele ya lanthanamu floraidi, iliyotangazwa na Frant na Ross mwaka 1966.

Fuwele hiyo ikishika mafuta huchelewa kujibu. Basi husuguliwa taratibu kwa dawa ya meno yenye floraidi, ikasuuzwa, kisha ikalowekwa. Elektrodi ya kioo, ipimayo ukali wa asidi, haifai kusuguliwa. Hulowekwa ili uso wake unywe maji. Ile ya platini hung'arishwa kwa unga laini wa alumina.

Sisi, tulipofasiri maelekezo ya maabara moja, tuliandika "safisha" kila mahali. Fundi wa maji akatuuliza: "Nisafishe kwa nini, ndugu zangu, kwa sabuni au kwa msasa?" Tuliona haya. Sasa tunapendekeza "kuandaa uso" liwe jina la kazi yote, na kusugua, kuloweka na kung'arisha yabaki na maana zake. Utohozi hauna haja hapa. Akwatuaye sufuria kwa mchanga anazijua tofauti hizo.

Limebaki neno utando. Fuwele yenyewe huitwa utando wa elektrodi, na uchafu unaoifunika nao huitwa utando. Fundi akiambiwa auondoe, ataondoa upi? Kwa uchafu huo tunapendekeza ukoga, neno ambalo meno yamekwisha kulizoea.